Bolti moja ya wota pampu imegoma siku ya tatu, Corolla 110 iko juu ya mawe Pasua, Moshi

#1 Mwalimu wa Pasua (mleta uzi)
Wakuu, salama? Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A. Kama wiki mbili hivi ilikuwa inakunywa maji: kila asubuhi naongeza karibu lita moja, na chini sioni dimbwi. Jumamosi nikalala chini na tochi ya simu. Kwenye shingo ya wota pampu (pampu inayozungusha maji ya kupoza injini), nyuma ya puli, kuna kitundu kidogo. Tone linajaa, linasita, linadondoka. Kutoka hapo kwenda chini kuna mchirizi wa pinki uliokauka kama ukoko wa uji. Nikashika puli nikaitikisa, inacheza.

Fundi wa mtaani akataka elfu 70 ya mkono, pampu ninunue mwenyewe. Nikajisemea, mimi nafundisha fizikia, bolti tatu zitanishinda?

Zimenishinda. Tuseme moja imenishinda. Mbili za juu zimetoka kama zinaniamkia. Ya chini, ya spana 12, imegoma, leo siku ya tatu. Nimeimwagia mafuta ya taa mpaka uani kunanuka kibatari, na kichwa chake kimeanza kulika kona. Gari liko juu ya jeki na mawe mawili, mama watoto ameshaanza kuanika soksi kwenye boneti.

Naulizia mambo mawili. Bolti tatu za pampu moja, mbili zinatoka na ya tatu inagandaje hivi? Na naitoaje bila kuikata?

#2 Chalii wa Njiro
Nimewahi kiti cha mbele. Karanga zipo.

#3 Spana 14
Mwalimu, kabla ya bolti tuanze na hayo mawe. Jiwe halipigi hodi likipasuka, na jeki ikishusha mafuta inashuka na wewe. Huna stendi? Toa matairi mawili uyalaze chini ya kingo za bodi, gari likianguka likuachie nafasi ya kupumua. Tofali la bloku usiguse kabisa, ndilo baya kuliko jiwe.

La pili, mafuta ya taa ni ya kuoshea mikono na vyuma. Kupenya kwenye kutu yanapenya kidogo, lakini kwa bolti iliyokaa miaka zaidi ya 20 ni kama kumwambia ng'ombe pole.

#4 Dereva wa Himo
Taimingi belti, ule mkanda wa ndani ya kava za injini, umeshaitoa? Ukifungua wota pampu bila kubadili taimingi belti unafanya kazi mara mbili. Badilisha vyote pamoja, usikilize wakubwa.

#5 Spana 14
#4 mkuu, hapo umechanganya mafaili. Unayoisema ni injini ya 3S ya Noah, ile pampu inazungushwa na taimingi belti yenyewe, kwa hiyo kuifikia lazima uvue nusu ya injini. Ya 5A iko nje, inazungushwa na feni belti, mkanda wa nje. Taimingi haiguswi, unatoa kava yake ya juu tu, na bomba la dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, ili mkono upite. IST nayo ni ya nje, tena ile injini ina cheni.

#6 Dereva wa Himo
Sawa, nimekaa. Mimi shule yangu ilikuwa Noah, nikadhani dunia nzima ni Noah.

Niliwahi kubadilisha taimingi belti peke yake kwa kubana matumizi, pampu nikaiacha maana "bado nzima". Miezi minne baadaye pampu ikaanza kuvuja juu ya belti mpya. Nikalipa mkono mara ya pili na belti mara ya pili. Ndiyo maana nikiona neno wota pampu napata joto.

#7 Babu Marangu
Vijana hamjambo. Mwalimu, weka spana chini kwanza. Siku tatu unavuta upande mmoja tu, hiyo bolti imeshakuzoea.

Nimeshika spana tangu miaka ya 80, karakana za mashambani, trekta na lori. Bolti iliyoganda haishindwi kwa nguvu, inashindwa kwa kushtuliwa. Chukua kipande cha chuma kigumu, weka katikati ya kichwa cha bolti, gonga kwa nyundo ndogo. Si kwa hasira. Gonga kama unaamsha mtu mlangoni, mara 20 au 30, pumzika, gonga tena. Kutu ni kama ukoko wa sufuria, ukitikiswa unapata nyufa, na mafuta yanapita humo.

Halafu usianze kwa kufungua. Anza kwa KUKAZA kidogo, kama unene wa ukucha. Ukisikia imelia "kri", umeshinda. Rudi upande wa kufungua, nusu ya mzunguko ukipata ugumu kaza tena, fungua tena. Nenda nayo kama unamtoa ndama aliyekaa vibaya.

#8 Chalii wa Njiro
Shikamoo babu. Ndama tena?

#9 Babu Marangu
Marahaba. Hujawahi kumtoa wewe, utajuaje.

#10 Kona Sita
Kabla hajagonga chochote, Mwalimu unatumia spana gani? Kichwa kikianza kulika maana yake umeshika spana ya mdomo, au ile ya ringi yenye kona 12. Kona 12 inashika kwenye ncha za bolti tu, ncha zikichoka inateleza. Tafuta soketi ya kona sita, inakaa kwenye ubavu wa bolti. Na uisukume kwa mkono wa kushoto ikae mpaka chini huku wa kulia unavuta.

Paipu umetumia? Sema ukweli.

#11 Mwalimu wa Pasua
Nimetumia spana ya ringi. Na paipu, ndiyo, la mpini wa jeki. Mnisamehe.

#3 nimetoa mawe, matairi yapo chini. Asante mkuu.

#12 Kona Sita
Wewe mwenyewe ni wa fizikia, piga hesabu. Ile bolti ilikazwa kiwandani kwa nyutoni mita 14 hivi. Kwa mpini wa sentimita 20 hizo ni kilo 7, mtoto wa darasa la nne anazifikisha. Sasa weka paipu la mita moja, ukiliegemea kwa kilo 5 tu uko nyutoni mita 49, na bolti ya unene wa milimita 8 hapo inaanza kusali. Wewe una kilo ngapi?

#13 Mwalimu wa Pasua
86. Nitaliondoa paipu.

#14 Msomi wa Jioni
Swali la kwanza la mleta uzi halijajibiwa, watu mmekimbilia nyundo.

Mwili wa pampu ni alumini, bloku ya 5A (mwili wa injini) ni chuma cha kalibu, bolti ni chuma. Bolti inapita kwanza kwenye tundu la alumini, ndipo inaingia kwenye uzi wa bloku. Metali mbili tofauti zikikutana na unyevu unapata betri ndogo, na anayeliwa ni alumini. Anapoliwa anatoa unga mweupe, na huo unga unachukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyopotea. Unajazana pembeni ya bolti unaibana kama simenti. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwenye uzi bolti iko huru, iliyoshika ni pampu.

Na kwa nini ni ya chini? Maji yanatiririka kwenda chini. Kitundu chako kimekuwa kikiilowesha hiyo moja muda wote, zile mbili za juu zimekaa kavu.

#15 Chalii wa Njiro
Kwa hiyo uzi wa bolti uko huru ila mleta uzi ndiye aliyekwama. Mimi nimeelewa hivyo.

#16 Mama Sakina
Msomi umeeleza vizuri ila umesahau tunaishi wapi. Maji ya huku kwetu yana floraidi, mnaona meno ya watoto waliokulia mitaa ya chini ya Meru. Maji yanayokula meno yataacha bolti? Nina kaka yangu Ngaramtoni amebadilisha wota pampu mara tatu kwenye gari moja, na kila mara gari linajazwa maji ya bomba la nyumbani. Shemeji yake yuko Tanga, gari la aina hiyohiyo, hajawahi kuijua wota pampu inakaa wapi.

#17 Msomi wa Jioni
Dada, floraidi ipo kweli, kiwango kinachokubalika cha maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita na visima vingi vya huko vinapita hapo mbali. Lakini inachofanya kwenye jino linalokua sicho inachofanya kwenye chuma. Kinachoua pampu ni maji matupu, yawe ya Sakina au ya Tanga. Hayana dawa ya kuzuia kutu, na yakichemka yanaacha chokaa na mchanga laini unaosugua sili. Kaka yako angeweka kulanti, yale maji ya rangi yenye dawa ya kupozea injini, tungekuwa tunaongea mengine.

#18 Mama Sakina
Sijakubali. Tanga nao hawaweki kulanti.

#19 Spana 14
Mimi sina shahada ila nina mashaka na fundi aliyepita. Mwalimu, angalia pale pampu inapokutana na bloku. Kuna silikoni imetoka pembeni?

#20 Mwalimu wa Pasua
Ipo, nyekundu, imetoka kama jemu kwenye mkate. Na gari nilinunua kwa mtu, sijawahi kufungua huko.

#21 Spana 14
Basi ninyi wa betri na floraidi kaeni kidogo. Hiyo pampu imeshabadilishwa, na aliyebadilisha hakujua kwamba pale panakaa o-ringi ya mpira, akapaka silikoni. Silikoni ikaingia mpaka kwenye tundu la bolti, akakaza kwa hasira. Hiyo haijaganda, imegundishwa.

#22 Msomi wa Jioni
Silikoni haishiki bolti ya 12 siku tatu, mkuu. Ni mpira ule.

#23 Spana 14
Umeshawahi kuitoa au umeisoma?

#24 Mpita Njia
Naomba niulize bila kutukanwa. Mwalimu unalala chini unaangalia juu au unainama kutoka juu? Mimi niliwahi kukaza bolti nusu saa nikidhani nafungua, maana nilikuwa nimeingiza mkono kwa nyuma na kulia kukawa kushoto.

#25 Mwalimu wa Pasua
Hahaha. Mkuu, nilianza kukucheka, halafu nikatoka nje na tochi kuhakikisha. Niko upande sahihi. Lakini siku ya kwanza sina uhakika.

#26 Moto wa Unga Ltd
Nachomelea vyuma hapa Unga Limited, na bolti za wota pampu na za ekzosi ndizo zinanilipia kodi ya nyumba. Mzee wa Marangu kasema kweli, mimi naongeza moto.

Alumini ikipashwa inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa hiyo ukitaka kuitoa usichome bolti, choma mwili wa pampu kuizunguka, tundu lifunguke. Pampu ni mbovu, unaitupa, huna cha kuionea huruma. Moto mdogo wa mtungi unatosha, dakika mbili tatu. Ukishatoa moto chukua mshumaa wa kawaida, gusisha kwenye shingo ya bolti. Nta inayeyuka inanyonywa ndani. Subiri ipoe kidogo, gonga, jaribu.

ILA wewe umemwagia mafuta ya taa siku tatu. Ukileta moto hapo bila kuosha utatutafutia msiba. Osha na maji ya sabuni ya unga, kausha, osha tena, ndoo ya mchanga pembeni, na mpira wa petroli ujue unapita wapi. Kama huna uhakika acha moto kabisa.

Na ikikatika usitoboetoboe. Niletee au mpelekee mchomeleaji yeyote, anachomelea nati juu ya kisiki, joto lenyewe linalegeza. Akija na mashine ya umeme avue betri kwanza. Yale mabolti ya kung'olea yenye uzi wa kinyume ni magumu lakini yanakatika kama kioo, na yakikatikia ndani hakuna drili ya mtaani inayoyagusa.

#27 Dada Tengeru
Mimi sina moto wala nyundo, nina mchanganyiko. Oili ya giaboksi ya otomatiki, ile nyekundu, nusu, na asetoni nusu. Tikisa sana kwa sababu haipatani, ukiiacha inajitenga. Dondoshea kwa bomba la sindano, lala nayo usiku mzima. Nimetolea nati za magurudumu ya trela lililokaa shambani Usa River miaka sita. Ila hiyo na moto wa #26 havikai nyumba moja, inawaka vibaya.

#28 Chalii wa Njiro
Asetoni si ndiyo ya kutolea rangi ya kucha? Mwalimu ameshapona, kabati la mama watoto lipo.

#29 Dada Tengeru
Soma nyuma ya chupa kwanza, nyingi siku hizi hazina asetoni, ni dawa nyingine. Nenda duka la rangi za magari.

#30 Dereva wa Himo
Soda nyeusi nayo inatoa kutu, niliona mtandaoni.

#31 Kona Sita
Inatoa, ina asidi kidogo. Loweka bolti kwenye bakuli siku mbili utaiona inang'aa. Sasa hiyo ya Mwalimu utailowekaje, ulaze gari kwenye bakuli?

#32 Mama Sakina
Wakati mnabishana, naomba kuuliza. Kaka yangu yule wa pampu tatu, fundi amemwambia atoe temostati kabisa, ile vali inayozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto, eti huku juu maji yanachemka mapema. Ni kweli?

#33 Msomi wa Jioni
Nusu kweli, nusu kamba. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, sufuria ya maji inachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Moshi mjini ni kama 97. Lakini injini si sufuria wazi. Kifuniko cha rejeta kimeandikwa 0.9, hiyo ni presha, kinayabana maji yasichemke mpaka yapite nyuzi 110. Kifuniko kikilegea ndipo mlima unakuumbua. Kabadilishe kifuniko, ni bei ya nyama nusu kilo.

Temostati inafunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa injini inachelewa kupata moto, na Julai ya Ngaramtoni mnaijua. Inakunywa mafuta na bado haijatibu kilichokuwa kinaichemsha.

#34 Dereva wa Himo
Mimi nimetoa temostati mwaka wa nne huu, napanda Marangu na abiria na mizigo, haichemki. Msomi aje apande na mimi.

#35 Msomi wa Jioni
Nauli nani analipa?

#36 Babu Marangu
Zamani dereva alikuwa anatembea na binzari. Rejeta ikivuja anamwagia vijiko viwili, anaendelea na safari. Wengine ute wa yai. Ikifika gereji ukifungua rejeta unasikia harufu ya pilau. Iliziba kweli, ila iliziba na njia za kupitisha maji, mwaka unaofuata injini imepika. Mwalimu usije ukashawishika. Pampu inayovuja kwenye kitundu sili yake imekwisha, hata ukimwagia viungo vyote vya soko la Mbuyuni.

#37 Spana 14
Mwalimu, kabla hujapotea: chukua boksi la biskuti, chora umbo la pampu, kila bolti unayotoa ichomeke mahali pake kwenye mchoro. Zile bolti urefu wake si mmoja, na kuna ya bomba la dipstiki ambayo kila mtu anaisahau. Na ukirudishia, puli ina bolti nne, hizo unazikaza ukiwa umeshafunga feni belti ndipo puli isikuzunguke mkononi.

#38 Mwalimu wa Pasua
Hiyo ya puli nimeijua kwa machozi, nilivua belti kwanza, puli ikawa inazunguka na spana kama kiti cha kinyozi. Bolti nimeziweka kwenye sahani. Zitakuwa salama.

#39 Spana 14
Boksi, Mwalimu.

#40 Jirani Mwema
Naongezea moja tu, maana sijaona aliyesema. Kulanti iliyomwagika ni tamu na ni sumu. Mimi niliiacha kwenye beseni uani Majengo nikaenda kunawa, mbwa wa jirani akalamba. Hakufika kesho yake jioni. Mpaka leo sisalimiani naye, na ana haki. Ifunikeni, hasa kwenye watoto.

#41 Mwalimu wa Pasua
Pole sana mkuu. Beseni nimeshaliingiza stoo nikafunga kwa kufuli.

Kesho ni sikukuu, siingii darasani. Naenda kupambana. Nikinyamaza mjue imekatika.

#42 Chalii wa Njiro
Siku nzima kimya. Tuanze mchango?

#43 Mwalimu wa Pasua
IMETOKA.

Jana usiku niliosha na sabuni ya unga mara tatu, nikakausha. Kwa kuwa moto niliuogopa nikaanza na mchanganyiko wa Dada Tengeru, nikadondosha kwa sindano mara nne mpaka saa sita usiku. Asubuhi nikaosha tena. Nikagonga kwa staili ya babu, mara 30, chai, mara 30. Haikusogea. Kichwa kilikuwa hakishiki tena soketi ya 12, nikakumbuka kijana wa dukani aliniambia soketi ya inchi ya 7/16 ni milimita 11.1, nikaipigilia kwa nyundo ikakaa kwa nguvu. Saa tisa alasiri nikaazima mtungi wa kijana wa kuchomelea wa hapa jirani, akaja mwenyewe, akapasha pampu dakika mbili, mshumaa, tukasubiri. Nikakaza kidogo.

Ikasema "tak!" Mimi nikajua imekatika, nikakaa chini kabisa. Kijana akacheka. Akairudisha kwa vidole viwili.

Nimeikagua. Shingoni, pale ilipopita kwenye alumini, ina unga mweupe mgumu kama chokaa ya birika. Kwenye ncha ina kutu ya kahawia. Na katikati kuna kipande cha silikoni nyekundu kimejizungusha kama pete.

#44 Msomi wa Jioni
Unga mweupe. Sina la kuongeza.

#45 Spana 14
Pete ya silikoni. Mimi ndiye sina la kuongeza.

#46 Mama Sakina
Chokaa ya birika mmeisoma? Birika la maji gani?

#47 Dada Tengeru
Ililala na dawa yangu usiku mzima, moto ulikuja kumalizia tu sherehe.

#48 Moto wa Unga Ltd
Dawa yako aliiosha asubuhi, dada. Siku tatu haikutoka, dakika mbili za moto ikatoka. Tuheshimiane.

#49 Babu Marangu
Alikaza kidogo ndipo ikasema tak. Someni tena #43.

#50 Kona Sita
Na alikuwa anakaza kwa soketi ya kona ngapi?

#51 Mwalimu wa Pasua
Wakuu wote mmeitoa. Pampu mpya imeingia, o-ringi mpya bila silikoni hata chembe, bolti mpya ya chini niliitafuta ya urefu uleule. Nimekaza kwa mkono wa sentimita 20, kilo 7, mama watoto akiwa shahidi. Kulanti nimechanganya nusu kwa nusu na maji ya betri (yale yaliyosafishwa, si asidi), hita nimefungua moto, nikaacha inguruma kifuniko kikiwa wazi mpaka mapovu yakaisha. Nimezunguka nayo hadi Kiboriloni na kurudi. Mshale haujavuka katikati. Chini kukavu.

Ila kuna jambo moja. Kwenye sahani imebaki bolti. Ya spana 10, fupi, imechakaa kidogo. Nimezunguka injini nzima na tochi sioni tundu tupu.

#52 Chalii wa Njiro
Hiyo ni ya akiba, kiwandani huwa wanaongeza.

#53 Dereva wa Himo
Kwenye Noah yangu zilibaki tatu, na inatembea.

#54 Spana 14
Boksi, Mwalimu. Nilisema boksi. Shika bomba la dipstiki pale juu, litikise. Linacheza?

#55 Mwalimu wa Pasua
Ngoja nichukue tochi.